Mkono wa Somoe katika Chungu cha Nyama ya Idi

Hakuna kitu kinachoweza kunishangaza mimi. Nimeona lori langu likizama kwenye tope la mto Mbwemkuru mpaka vioo, na nikalitoa kwa kamba na watu kumi bila kumwita fundi wala Mzungu wa barabara. Nimeona maiti bado haijatoka mlangoni na warithi wameshakamatana mashati. Nimeona lile jokofu ninalolimiliki hapa Lindi, sanduku jeupe linalowashwa kwa mafuta ya taa huku chini na kutoa baridi huku juu. Siku lilipoteremshwa melini watu walijaa dukani kwangu kama waliokuja harusini, wakashika vichwa, wakaapa, lakini mimi nilisimama tu nikasema, wekeni pale, msigonge ukuta. Kushangaa si kazi yangu. Ila ipo harufu moja, nayo ni ya nyama ya mbuzi iliyochomwa, ikalala kwenye shahamu siku kumi, kisha ikaguswa tena na moto wa vifuu. Nikiisikia hiyo sishangai, lakini kijicho hunipanda kutoka tumboni mpaka kooni. Nakuwa tena mtoto wa miaka tisa, nimekaa uani kwa bibi, natazama vidole vya mtu mwingine.

Bibi yangu, Bibi Fatu, mama yake baba, nyumba yake ilikuwa Kilwa Kivinje, mtaa wa nyuma ya soko, kuta za miti na udongo na ua mpana wenye kisima. Tuliishi humo baba, mama, mimi, wadogo zangu wawili, na Somoe. Huyu Somoe alikuwa mtoto wa shangazi yangu, yaani binamu yangu, umri wetu mmoja. Shangazi alikuwa ameolewa Kikole, akafa kwa uzazi, na Bibi Fatu akamchukua mtoto ili amlee mjini, asome Kurani chuoni, ajue mapishi, mpaka atakapokuwa mwari na kupata mume wa maana. Hilo lilikuwa neno lililokwisha kusemwa na watu wazima, na Somoe mwenyewe alilijua vizuri. Alikuwa mwembamba, mweusi wa kung'aa, na alipocheka alifunika mdomo kwa kiganja. Mimi nilimpenda mpaka siku bibi alipomkabidhi chungu.

Lazima nieleze jambo la chungu, maana watoto wa siku hizi wanadhani nyama huhifadhika kwa kufunga mlango wa jokofu. Sisi hatukuwa matajiri. Baba alibeba mizigo forodhani, na nyama tuliiona kwa nadra. Lakini Idi ya kuchinja ilipofika, baba alijikaza akapata mbuzi mmoja, na wenye uwezo nao waligawa sadaka zao. Mguu ukaletwa kutoka nyumba hii, ubavu kutoka ile, na ikifika alasiri nyama imezidi midomo. Joto la Kivinje mnalijua, nyama mbichi ukiilaza siku moja, ya pili inakukimbiza. Kwa hiyo bibi hakulaza nyama mbichi hata kidogo. Yote ilichomwa siku ileile, juu ya mkaa wa mkoko, polepole, huku mafuta yakidondoka na moshi ukiingia mpaka kwenye nguo zetu mpya. Tulikula tukashiba, tukakaa, tukala tena. Kilichobaki asubuhi yake kilitolewa mifupa, kikakatwa vipande vya ukubwa wa dole gumba, kikapakwa chumvi upya, kisha kikatumbukizwa kwenye shahamu inayochemka. Hapo bibi aliinama akasikiliza. Nyama ilikuwa inalia ndani ya mafuta, na ilipoacha kulia, bibi alisema maji yamekwisha, sasa itakaa. Chungu kilikuwa kimeshakaushwa kwa kufudikizwa juu ya makaa. Humo aliipanga nyama tabaka na shahamu tabaka, na juu kabisa akamimina shahamu tupu ya vidole vitatu, ikaganda nyeupe kama chokaa iliyopakwa na fundi hodari. Kifuniko cha mti, kitambaa, kamba, halafu chungu kikaenda kukaa chumba cha ndani, mbali na jiko.

Kutoka hapo nyama ile ilitulisha mwezi mzima na siku zake. Kila Ijumaa, wanaume wakirudi msikitini, vilitolewa vipande vinane tu, na vipande vinane vililisha watu saba na mgeni. Msidhani vilitiwa sahanini vikiwa vizima. Vilipashwa moto, vikachambuliwa uzi kwa uzi, vikatiwa kwenye tui la nazi na mbaazi, na kila tonge la wali lilipata uzi wake. Shahamu iliyoambatana na vipande ilikaangia vitunguu vya Jumamosi. Mwishoni, yale makombo ya chini yalitwangwa kwa pilipili na chumvi, tukayala na ugali wa muhogo mpaka chungu kikawa kisafi kabisa. Mimi leo nauza, nanunua, nina malori mawili na nyumba ya bati, lakini sijaona mfanyabiashara aliyejua kunyoosha mali kama Bibi Fatu, na yeye hakujua hata kuandika jina lake.

Sasa, sharti la chungu lilikuwa moja. Mkono uliokifungua Ijumaa ya kwanza ndio huohuo ulioingia mpaka mwisho, na mkono mwingine wowote haukuruhusiwa. Bibi aliamini, na wanawake wote wa mtaa wetu waliamini, kwamba ipo mikono ya moto na ipo mikono ya baridi, na mkono wa moto ukiingia kwenye shahamu, nyama inachacha. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umeanza kutetemeka, kwa hiyo mwaka ule alitutafutia mrithi. Alituita watoto wote uani, akaweka kipande cha shahamu iliyoganda kwenye kiganja cha kila mmoja, kikubwa kama kungumanga. Akasema, "Fumbeni. Asifumbue mtu mpaka nimalize kusoma." Akasoma alichosoma, midomo ikicheza bila sauti. Mimi nilibana mkono kwa nguvu zangu zote, nikidhani kubana ndiko kushinda. Nikasikia uvuguvugu, kisha mafuta yakapita katikati ya vidole, yakateremka kwenye kiwiko, yakadondokea kanzu ya Idi. Somoe alipofumbua, kipande chake kilikuwa vilevile, kimelegea kingo tu. Bibi akakiangalia kama aliyeokota lulu. "Huyu ana mkono wa mama yake," akasema, na sauti yake ikakatika kidogo. Kisha akanigeukia mimi na kucheka. "Na wewe mume wangu, mkono huo utatufaa siku kuni zikitushinda."

Watu wote walicheka, na mama yangu mzazi pia. Mimi mjukuu wa kiume, wa kwanza wa nyumba, mwenye jina la babu, nikawa wa kuwashia moto.

Kutoka Ijumaa ya kwanza nikaanza kuona mambo ambayo sikuwa nikiyaona. Niliona kwamba anayechambua nyama ndiye anayelamba vidole, na Somoe alilamba polepole, kimoja kimoja, akifumba macho. Niliona kwamba bibi alimkalisha karibu naye kwenye mkeka, nafasi iliyokuwa yangu. Jirani akija kuulizia, hamuulizii Bibi Fatu, anauliza, "Yuko wapi mwenye chungu?" Naye Somoe alijua kunichoma. Nikipita jikoni alisema, "Jihadhari na huo mkono wako, Seifu, usiguse mlango, utashika moto." Sisi ni mabinamu, utani ni haki yetu, na mimi siku nyingine ningemrudishia mara mbili. Lakini ule haukunichekesha. Usingizi ulinipungua. Nikila wali niliuhesabu uzi wa nyama sahanini mwangu na kuuchungulia wa wadogo zangu, nikitafuta kama amenipunja. Hakunipunja hata siku moja, na hilo likaniuma zaidi, kwa sababu nilikosa neno la kumshitaki.

Ndipo nikapata wazo, na kwa akili ya mtoto lilikuwa wazo kubwa. Sikutaka kuiba nyama. Hilo nataka lieleweke, mimi sikuwa mwizi utotoni na si mwizi leo, waulizeni wanaoniuzia mazao. Nilitaka kutia mkono wangu chunguni kwa siri, kisha ningoje Ijumaa mbili. Nyama ikitoka salama, ningesimama mbele ya wote na kusema, mkono wangu umeingia humo na hakuna kilichochacha, haya nipeni haki yangu. Nilishaona mpaka uso wa bibi utakavyokuwa.

Siku moja asubuhi bibi na mama walikwenda kwenye arusi mtaa wa pili, na Somoe alitumwa dukani kwa Muhindi kununua bizari. Nikabaki na wadogo zangu, wanacheza njiani. Nilikwenda kisimani. Kwa kuwa kile chungu kilikuwa kitu cha heshima, na kwa kuwa mwalimu wa chuoni alikuwa ametufundisha kwamba jambo la heshima huanzwa kwa tohara, nilivuta maji nikanawa mikono mpaka viwikoni, mara tatu kila mkono, vizuri kabisa. Sikujifuta, maana maji ya udhu hatukuzoea kuyafuta. Nikaingia chumba cha ndani, nikafungua kamba, nikasema bismillahi, nikatia mkono. Shahamu ilikuwa baridi na laini. Niliuzamisha mpaka kwenye kifundo, nikashika kwa ndani kipande kimoja cha nyama, nikakishikilia mpaka nilipohesabu thelathini, nikakiacha palepale. Halafu nikasawazisha juu kwa kiganja na kufunga kama nilivyokuta. Nyama sikuila. Nilitoka na mkono unaonukia mbuzi, na siku ile nilitembea kifua mbele.

Mtu yeyote aliyewahi kupika ameshajua nilichofanya. Nilikuwa nimepeleka maji palepale ambapo bibi alisikiliza mpaka maji yalipokwisha. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa, na nilichokuwa nimefundishwa ni habari za mikono ya moto na ya baridi. Habari za mkono mkavu Somoe ndiye aliyefundishwa, wakiwa wawili jikoni, mimi nikiwa nimenuna uani.

Ijumaa iliyofuata nyama ilitoka ya juujuu, haikuwa na neno. Nikafurahi, nikajizuia, nikasema bado moja. Ijumaa ya pili alitufikia mgeni, naye alikuwa baba yake Somoe. Alikuja kwa miguu kutoka Kikole, mwendo wa siku, kumtazama mwanawe na kumpa mkono wa Idi mama mkwe wake. Alikuwa mtu mpole wa shamba, aliyekaa kwenye ukingo wa kiti kana kwamba kiti si chake. Bibi alitaka kumheshimu, akasema kwa sauti ili baba huyo asikie, "Somoe, leo vipande kumi na viwili. Baba yako aonje kazi ya mkono wako."

Somoe akaingia ndani. Akakawia. Alipotoka alikuwa amekibeba chungu chenyewe, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akakiweka mbele ya bibi. Harufu ilimtangulia. Shahamu ya katikati ilikuwa imeingia ukungu wa kijani, na nyama ya chini ilikuwa imelegea inavutika kama gundi. Mama akajifunika pua kwa kanga. Nyama ya mbuzi mzima na sadaka za mtaa, chakula cha Ijumaa tatu zilizobaki, kilikuwa kimekwisha.

"Ulikausha mkono?" bibi akauliza.

"Niliukausha, bibi. Kwa kitambaa, kisha kwa moto. Kama ulivyoniambia."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Na mkono mwingine haukuingia?"

Hapo Somoe akageuza kichwa. Alinitazama mimi, si kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kibao cha duka akipita, halafu akainamisha macho. Mimi nikatazama sahani. Ningeweza kusema. Neno lilikuwa moja tu, na sidhani ningepigwa zaidi ya bakora mbili. Lakini nitasema ukweli, maana mtu wa umri wangu hana cha kuficha. Palepale, na harufu ile mbaya ikiwa puani, nilisikia utamu rohoni, kwa sababu kile kiganja kilichosifiwa mtaa mzima kilikuwa kimeshindwa mbele ya watu. Utamu huo ndio uliofunga mdomo wangu. Hofu ilikuja baadaye.

Bibi hakumpiga wala hakumtukana. Alisema tu, "Basi, ni amri ya Mungu," akamwambia mama akafukie. Ni baba yake Somoe aliyesimama. Uso wake ulikuwa umeingia jivu. "Mama," akasema, "nimekuachia mtoto akusaidie, naye anakutia hasara. Sitaweza kula kwako na jambo hili. Nitamchukua." Bibi akamsihi akae, baba yangu naye akamsihi. Akakubali kulala, akakataa kula. Asubuhi Somoe alifunga kifurushi chake. Alipopita mlangoni nilijaribu kumtania, sijui kwa nini, labda ili mambo yarudi kama zamani. Nikasema, "Mke wangu, unanikimbia?" Alimfuata baba yake, akapotea kwenye kona ya soko, na Bibi Fatu akalia siku ile kama alivyomlilia shangazi alipofariki.

Nilidhani chungu sasa kitakuwa changu. Idi iliyofuata nilinyoosha mkono mwenyewe, hata kabla ya kuitwa. Bibi akaniambia, "Mwaka huu nyama italiwa leo ikaisha." Na ndivyo ilivyokuwa mpaka alipofariki. Kilichobaki aligawia majirani palepale kingali cha moto, na chungu akakifanya cha kuwekea chumvi.

Miaka mingi imepita. Mimi nimetoka Kivinje na shati moja, nimebeba magunia, nimekuwa utingo, nimekuwa dereva, nimekuwa tajiri, na miaka niliyokaa darasani haizidi vidole vya mkono mmoja. Nikichinja Lindi, nyama inayobaki inaingia kwenye jokofu, na wiki nzima haiharibiki. Lakini haiulizwi na mtu. Watoto wanafungua, wanachungulia, wanafunga, wanataka samaki. Mke wangu akiipasha inakuwa ngumu kama soli ya kiatu, na siku ya kumi inapewa paka. Na mwaka jana, nikiwa safarini upande wa Rondo, nililisha wenyeji wangu nyama niliyoibeba kutoka jokofuni kwangu, nikangoja sifa. Mmoja wao akasema, kwa adabu kabisa, "Nzuri, tajiri. Lakini umewahi kula ya Bi Somoe wa Kikole? Ile anaiweka kwenye shahamu. Watu wanatoka mbali kumchukua awape mkono kwenye arusi." Sikumaliza kula. Mwanamke wa shambani, hana bati, hana lori, na jina lake limefika Rondo kabla ya langu.

Msimu wa kununua mazao ulipofika nikamwambia dereva apinde Kikole. Nilimkuta uani kwake, mnene sasa, nywele zina mvi, wajukuu wamemzunguka kama vifaranga. Alinitambua kabla sijashuka. "Karibu, mume wangu," akasema, "umechelewa kunioa, nimeshazeeka." Akaniandalia wali, na juu yake nyama iliyochambuliwa uzi kwa uzi. Niliitia mdomoni nikiomba kwa siri iwe mbaya. Haikuwa mbaya. Ilikuwa ileile, na nilikula sahani mbili huku nikiona wivu kila tonge.

Tulipobaki wawili nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mbwemkuru, yakatoka ovyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachezea ncha ya kanga.

"Nilijua, Seifu. Mimi nilikuwa nikisawazisha kwa mgongo wa kijiko. Ijumaa ile ya kabla ya nyama kuchacha nilifungua nikakuta alama za kiganja."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe mwenye jina la babu, mimi mtoto wa kuletwa. Na baba yangu amekaa pale kwenye kiti cha watu."

Nikamwambia aseme anachotaka. Nikataja bati la nyumba nzima, nikataja doti kumi za kanga, nikataja mpaka jokofu kama langu. Hapo alicheka mpaka akafunika mdomo. "Jokofu! Nilitie nini, na mimi nyama yangu inalala kwenye shahamu? Ngoja nikuambie ninachodai. Si changu, ni cha marehemu baba yangu. Wiki ile tuliyorudi alichukua ufuta wake wa mbegu, pishi sita, akaupeleka kwa bibi kulipa chungu. Msimu ule hatukupanda ufuta. Hukujua?"

Sikujua. Lakini nilikumbuka kashata za ufuta ambazo bibi alitupikia siku zile, na kwamba mimi ndiye niliyekula nyingi kuliko wote, wala sikuuliza zimetoka wapi.

"Basi nirudishie huo," Somoe akasema. "Na usinipigie bei ya lori lako unayotudanganyia hapa. Bei ya Lindi mjini."

Bei ya Lindi wiki ile ilikuwa shilingi mbili na senti themanini kwa pishi. Nilitaka kumpa noti ya mia, akakataa kuishika. Ikabidi dereva azunguke kijijini kutafuta chenji, mimi nikiwa nimekaa kwenye ukingo wa kiti. Alipokea, akahesabu mbele ya wajukuu zake, akafunga pembeni mwa kanga. Shilingi kumi na sita na senti themanini.